Figo Mpya, Wadudu wa Zamani: Mwongozo Kamili kwa Anayemuuguza Aliyepandikizwa Figo Dar es Salaam

Wiki ya tisa baada ya mdogo wangu kupandikizwa figo, nilimwekea chai ya rangi mezani, nyumbani kwetu Tabata, akashindwa kukifikisha kikombe mdomoni. Mkono ulimtetemeka, chai ikamwagikia kitambaa cha meza, naye akawa anauangalia ule mkono kama si wake. Siku nne nyuma alilalamika koo. Nilikwenda famasi ya mtaani nikarudi na antibayotiki iitwayo klarithromaisini. Muuzaji hakuuliza, nami sikusema, kwamba anayekwenda kuimeza ana figo ya kupandikizwa. Kliniki walipompima damu, kiwango cha takrolimasi, dawa yake ya kutuliza kinga isiishambulie figo, kilikuwa kimepanda mno na kreatinini, kipimo cha jinsi figo inavyosafisha damu, imeanza kukifuata.

Figo ilinusurika. Mimi ndiye niliyebaki na maswali. Tulikuwa na ndoo ya kunawia mlangoni, barakoa, na wageni waliishia barazani tu. Tulijihami na wadudu wa nje. Hakuna aliyekuwa amenifafanulia kwamba wengi wa wadudu watakaomsumbua tayari anaishi nao, tumboni, kwenye njia ya mkojo, hata ndani ya figo yenyewe, na kwamba dawa moja ya dukani inaweza kuvuruga kila kitu kwa siku chache. Kijitabu tulichopewa kilionya juu ya jibini laini na samaki mbichi. Juisi ya miwa, maji ya simtanki na matone ya polio ya mtoto wa nyumbani havikuwamo. Upandikizaji wa figo wa kwanza hapa nchini ulifanyika Muhimbili Novemba 2017, na kabla ya hapo wagonjwa walikuwa wanapelekwa nje, hasa India. Basi nimeona niandike mwongozo unaoanzia jikoni kwetu.

Mimi si daktari. Haya ni niliyouliza kliniki, nikayaandika, nikayafanya. Dozi zote na muda wa kila dawa anapanga daktari wenu.

Kinachobadilika mwilini

Tumbo la mtu mzima lina bakteria wasiohesabika, na wengi wao ni wema: wanasaga mabaki ya chakula, wanalisha ukuta wa utumbo, wanawabana wakorofi wasipate nafasi. Kwa mgonjwa wa figo jamii hiyo huwa imeshaharibika kabla hata ya upasuaji. Yurea, taka ambayo figo ilipaswa kuitoa, inapojaa kwenye damu huvujia utumboni, bakteria wanaoipenda wanaongezeka, na ukuta wa utumbo unalegea. Halafu unakuja upasuaji pamoja na antibayotiki zake, kisha takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni, ambazo kazi yake ni kuituliza kinga isiishambulie figo ngeni. Bakteria wema wanapungua aina. Bakteria wakorofi kama E. coli na enterokokasi wanapata uwanja.

Hao ndio wanaoleta UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, yanayoongoza kwa waliopandikizwa figo. Mwaka 2019 watafiti wa Weill Cornell, New York, walichapisha matokeo ya kufuatilia kinyesi cha wagonjwa 168 waliopandikizwa figo. Wale ambao kundi la E. coli lilifikia asilimia 1 au zaidi ya bakteria wa tumboni walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata bakteria hao hao kwenye mkojo. Kwa lugha ya nyumbani: mkojo unachafuliwa kutoka tumboni. Njia ni fupi, hasa kwa wanawake, na mrija wa figo mpya hushonwa kwenye kibofu bila kizuizi imara kama kile cha kuzaliwa nacho, hivyo mkojo unaweza kurudi juu kirahisi.

Kuna jambo jingine lililonishangaza. Baadhi ya bakteria wa tumboni wana uwezo wa kuivunja takrolimasi kabla haijaingia kwenye damu, na utumbo wenyewe nao hufanya kazi hiyo. Kwa hiyo mgonjwa akiharisha, utaona ajabu: unategemea dawa ipotee chooni, kumbe kiwango chake kwenye damu mara nyingi kinapanda, kwa sababu utumbo uliochubuka hauivunji tena kama kawaida. Kuharisha kwa siku mbili kwa mtu huyu ni sababu ya kupigia kliniki simu na kuomba kipimo cha kiwango cha dawa. Usimpe dawa ya kufunga choo kwanza.

Hatua ya kwanza: maandalizi kabla ya upasuaji

Ukiwa bado kwenye foleni ya vipimo, huu ndio wakati wenye faida kubwa kuliko wote, kwa kuwa kinga bado iko macho. Nenda na orodha, uliza moja moja.

Chanjo ya homa ya ini B, ya nimonia na ya mafua zipatikane mapema. Chanjo zenye kirusi hai, kama surua na homa ya manjano, hazitolewi baada ya kupandikizwa, na zikihitajika ziwe zimekamilika angalau wiki nne kabla. Mwenye safari za kikazi zinazodai cheti cha homa ya manjano alifikirie hili mapema, maana baadaye atahitaji barua ya daktari ya kumwondolea sharti.

Kifua kikuu: kwetu watu wengi wanakibeba kikiwa kimelala. Uliza kama mgonjwa na mchangiaji wamechunguzwa, na kama anahitaji isoniazidi ya kinga.

Minyoo: wengi wanalipita hili, nami ndilo ninalolipigia kelele zaidi. Kuna mnyoo mdogo uitwao strongiloidi, unaoingia kupitia ngozi ya miguu pekupeku. Aliyekulia kijijini anaweza kukaa nao miongo kadhaa bila dalili, kwa sababu unazaliana humo humo ndani. Prednisoloni ikiingia, unazaliana bila breki, unatoboa utumbo na kusafiri mwilini ukiwa umebeba bakteria wa kinyesi hadi kwenye damu na mapafu. Wengi wanaofikia hapo hufariki. Tiba yake kabla ya upasuaji ni vidonge vya ivermektini. Mwambie daktari wazi: "Mgonjwa wetu amekulia kijijini, ametembea pekupeku, tunaomba aangaliwe minyoo hiyo."

Meno yaliyooza yatibiwe. Na uliza hali ya virusi vya CMV (sitomegalovirusi), vinavyobaki mwilini vikiwa vimelala, kwa mchangiaji na mpokeaji, uiandike. Mtu mzima wa huku mara nyingi ameshakutana navyo utotoni. Hatari kubwa ni pale mchangiaji anavyo na mpokeaji hana, maana figo inakuja navyo.

Hatua ya pili: jua upo mwezi wa ngapi

Chukua kalenda ya ukutani, weka alama siku ya upasuaji. Hatari ya maambukizi hubadilika sura kwa miezi, na homa ya wiki ya pili haichunguzwi kama homa ya mwaka wa pili.

Mwezi wa kwanza ni wa upasuaji na wodi: mshono, mpira wa mkojo, sindano za mishipani, nimonia. Bakteria wa hospitali mara nyingi ni sugu. Wakati wa upasuaji huwekwa pia kimrija laini kati ya figo mpya na kibofu ili mkojo upite vizuri, na kwa kawaida hutolewa ndani ya wiki chache. Andika tarehe yake ya kutolewa. Kikisahaulika ndani kinakuwa makazi ya bakteria, na ni wewe muuguzaji unayeweza kukumbusha.

Mwezi wa pili hadi wa sita ndio kinga imelala fofofo, na waliokuwa wamejificha wanaamka. Kipindi hiki mgonjwa huwa anameza antibayotiki ya Septrin, inayozuia nimonia ya fangasi iitwayo pneumosisti na wakati huo huo inasaidia dhidi ya kimelea cha toksoplazma na baadhi ya UTI. Kwa kawaida hutumika miezi sita hadi kumi na miwili. Wengine wanaiacha mapema kwa sababu wanaijua kama dawa ya wenye VVU na wanaogopa macho ya watu. Mdogo wangu alikuwa anaificha kwenye soksi. Nilimweleza wifi, nikawaeleza wapangaji wenzetu, mpaka kopo likakaa wazi kabatini. Ikileta upele, usiipuuze, rudi kliniki ibadilishwe.

CMV huzuiwa kwa dawa ya valgansiklovia kwa miezi mitatu hadi sita kwa wale wanaohitaji. Kaa macho zaidi pale dawa hiyo inapositishwa, maana wiki zinazofuata ndipo virusi hupenda kuibuka: uchovu usioelezeka, homa, kuharisha, chembe nyeupe za damu kushuka.

Kisha vipo virusi vya BK. Karibu kila mtu mzima anavyo, vimelala kwenye figo na njia ya mkojo bila madhara. Kinga ikishuka vinaamka na kuitafuna figo mpya kimya kimya. Hakuna homa, hakuna maumivu, kreatinini tu inapanda. Ndiyo maana kuna kipimo cha damu kinachopaswa kurudiwa mara kwa mara, kwa mwongozo wa sasa kila mwezi hadi mwezi wa tisa, kisha kila miezi mitatu hadi miaka miwili. Ni kipimo cha gharama. Kama hamwezi kukifanya mara zote hizo, mwambie daktari mapema mpange pamoja ni lini kisikosekane. Tiba kuu ya BK ni kupunguza dawa za kutuliza kinga. Sasa linganisha: mwili ukiikataa figo, kreatinini pia inapanda, lakini hapo tiba ni kuongeza dawa. Dalili moja, tiba mbili zinazopingana. Usithubutu kupunguza wala kuongeza dozi kwa kubuni.

Baada ya hapo, mambo yakienda vizuri, hatari inafanana zaidi na ya mtaani: UTI, nimonia, mafua, matumbo, kifua kikuu. Ila kila mara mgonjwa anapotibiwa kwa mwili kuikataa figo, dawa huongezwa, nawe unarudisha kalenda nyuma kama ndiyo kwanza ametoka wodini.

Hatua ya tatu: daftari la kila siku

Nunua daftari la kaunta na kipimajoto. Asubuhi na jioni andika joto, uzito, amekunywa kiasi gani, mkojo ukoje, choo mara ngapi, dawa saa ngapi. Prednisoloni huweza kuizima homa, kwa hiyo 37.6 ya mtu huyu, pamoja na uso uliosawijika na hamu ya kula kupotea, nilijifunza kuiheshimu. Ikifika 38, au akitetemeka kwa baridi hata kama joto liko chini, ni simu hapo hapo, usiku au mchana. Pima kabla ya kumpa panado.

Siku ya kupima kiwango cha takrolimasi, damu inatolewa kabla ya dozi ya asubuhi, zikiwa zimepita saa kumi na mbili tangu ile ya jioni. Foleni ikiwa ndefu mgonjwa anashawishika kumeza njiani. Beba kidonge mkononi mwako, umpe akishatolewa damu.

Hatua ya nne: maji na chakula

Maji ya DAWASA yanaweza kutoka masafi kituoni, yakapita kwenye bomba lililopasuka, yakakaa simtanki ambalo halijaoshwa tangu mwaka juzi. Chemsha mpaka yatokote sawasawa kwa dakika nzima, yapoe humo humo yakiwa yamefunikwa, uyatie kwenye chombo chenye bomba ili asichote mtu kwa kikombe. Dawa ya klorini inaua bakteria wengi, lakini haimuui kriptosporidi, kimelea kinacholeta kuharisha kwa wiki nzima na zaidi kwa wenye kinga ndogo. Moto unamuua. Osha tanki kila baada ya miezi michache, na mswaki atumie maji yaliyochemshwa.

Chakula cha moto kilichotoka jikoni sasa hivi ni rafiki yake. Wali na maharage, ugali na samaki wa kukaanga aliyeiva hadi mfupani, ndizi, mchicha uliopikwa. Chipsi mayai ale, yai likiwa limekauka kabisa, lakini ile kachumbari inayowekwa juu kwa mkono ikae pembeni. Kachumbari ya nyumbani, nyanya na vitunguu vikioshwa kwa maji yaliyochemshwa na kuliwa papo hapo, sina ugomvi nayo. Pweza wa barabarani na kachori zilizolala, hapana. Juisi ya miwa inanipa shida zaidi kwa sababu anaipenda: mashine, barafu, glasi inayosuuzwa kwenye ndoo moja tangu asubuhi. Tulikubaliana achague ndizi au chungwa analolimenya mwenyewe.

Maziwa ni yale yaliyochemshwa. Mtindi wa kienyeji wa maziwa mabichi unaweza kubeba brusela, listeria na hata kifua kikuu cha ng'ombe, na kugandisha hakuviui. Watu wengi huniuliza kama wampe mgonjwa zile dawa za bakteria wema zinazouzwa famasi. Ni bakteria hai, na kwa mtu ambaye kinga yake imefungwa wanaweza kuingia kwenye damu, hivyo hatumpi bila kliniki kusema. Tunawalisha wale alionao: maharage, mbogamboga, ndizi, uji wa nafaka isiyokobolewa, tukiangalia kiwango cha potasiamu kwenye majibu. Hapo hapo niseme madafu: yana potasiamu nyingi, na takrolimasi na Septrin zote mbili huipandisha, kwa hiyo yanahitaji ruhusa. Balungi asile kabisa wala asinywe juisi yake, linapandisha takrolimasi. Mitishamba ya aina yoyote pia, hata ile ya bibi iliyotutibu sote.

Nepi na watoto wachanga: watoto wa nyumbani wachanjwe zote, hiyo inamlinda mgonjwa. Lakini matone ya polio na chanjo ya rota ni virusi hai, na hutoka kwenye choo cha mtoto kwa wiki kadhaa. Kipindi hicho mgonjwa asibadilishe nepi, na wengine wote wanawe kwa sabuni.

Hatua ya tano: famasi

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Klarithromaisini, erithromaisini na dawa za fangasi kama flukonazoli huzuia ini na utumbo kuivunja takrolimasi. Kiwango kinapanda, mikono inatetemeka, figo inaumia. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: takrolimasi inashuka vibaya, mwili unaikataa figo. Mgonjwa akikutwa na TB, lazima anayetibu TB na anayetibu figo wazungumze kabla ya kidonge cha kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo mtaani hupewa mtu kwa kuumwa mgongo tu, hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kwa maumivu ni parasetamo, na kwa kipimo.

Hata antibayotiki isiyogongana na dawa zake ina gharama. Siprofloksasini ya siku tano anayopewa "kwa sababu mkojo una harufu" inafagia bakteria wema, inaacha sugu wakitawala tumbo, na wiki chache baadaye UTI inarudi ikiwa haisikii dawa. Antibayotiki pia hufungulia mlango bakteria aitwaye klostridiamu, anayeleta kuharisha kukali. Kwa hiyo ukifika famasi, sentensi ya kwanza iwe: "Samahani, mgonjwa wangu amepandikizwa figo, anatumia takrolimasi." Kisha piga picha ya dawa unayopewa, uitume kliniki, usubiri jibu. Sisi tumeibandika sentensi hiyo nyuma ya simu yake.

Homa isichukuliwe kuwa malaria kwa mazoea. Apime. Kama ni malaria atibiwe, kliniki ikijulishwa kuhusu mgongano wa dawa. Kama siyo, msirudi nyumbani mkafurahi. Dar imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na kipimo cha malaria hakiioni. Alale ndani ya chandarua, na mchana ajipake dawa ya mbu, maana mbu wa dengi huuma mchana.

Hatua ya sita: mkojo unapimwa hivi

Dalili ni kuungua anapokojoa, kwenda haja mara kwa mara, mkojo mzito au wenye damu, homa, au maumivu pale figo mpya ilipo, chini ya tumbo upande mmoja. Figo hiyo ilikatwa mishipa ya fahamu, kwa hiyo inaweza kuwa na maambukizi bila kuuma sana. Usisubiri maumivu.

Ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, aanze kukojoa chooni, katikati ya mkojo ndipo akinge kwenye kikopo, bila kugusa ndani yake. Kifike maabara ndani ya saa moja, au kihifadhiwe kwenye friji. Na kitolewe kabla ya antibayotiki kuanza. Kipimo cha kijiti peke yake hakitoshi kwake, omba waoteshe, wataje bakteria na dawa inayomuua. Majibu huchukua siku mbili au tatu. Akiwa mgonjwa daktari ataanza dawa huku mkisubiri.

Ikitokea mkojo umeota bakteria lakini mgonjwa hana dalili hata moja, na mwezi wa kwanza au wa pili umeshapita, miongozo ya sasa inashauri kutotibu. Nilibishana sana na daktari juu ya hili, nikiona tunapuuzwa. Sababu ni ile ile ya tumbo: kila tiba isiyo ya lazima inaongeza usugu, na haijaonesha kumlinda.

Masika, vumbi, daladala

Machi hadi Mei maji ya mafuriko yanachanganyika na vyoo. Asikanyage kwa ndala, na jeraha lolote lifunikwe. Kufagia banda la kuku au mavi ya njiwa, na kuchimba bustani, apewe mtu mwingine, kwa sababu ya fangasi. Kwenye daladala ya saa moja asubuhi avae barakoa na akae dirishani lililofunguliwa. Kikohozi chake hakisubiri wiki mbili. Jasho la usiku na kukonda, hata bila kikohozi, vinatosha kuchunguzwa TB, maana kwa watu hawa mara nyingi hukaa nje ya mapafu.

Usiku wa homa

Nyuma ya mlango wetu kuna mfuko unaoning'inia kwenye msumari: daftari, kopi ya majibu ya mwisho ya kreatinini na takrolimasi, orodha ya dawa, kadi ya bima, dozi za siku mbili, kanga, chupa ya maji. Mkifika mapokezi usiku, daktari wa zamu huenda hajawahi kumhudumia mtu wa namna hii. Sema mapema, kwa heshima na bila kuzunguka: "Shikamoo daktari. Huyu amepandikizwa figo, yuko mwezi wa nne, joto lilifika 38.4 saa tatu usiku, anatumia takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni. Tunaomba damu na mkojo vichukuliwe vioteshwe kabla ya antibayotiki, na dawa yoyote mpya mwasiliane na kliniki yake." Mpe namba ya kliniki mkononi. Prednisoloni isikatwe hata kama anatapika. Kama haikai tumboni, waambie, ipo ya sindano. Halafu kaa karibu na kitanda, na kila dripu au sindano inayokuja, uliza jina lake uliandike daftarini, na saa.